Diski ya Kompyuta ya Zamani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wamejikuta wakitafuta kompyuta nyingine, maana Windows 11 haizipokei rasmi mashine nyingi za zamani. Ile ya zamani inauzwa, anapewa mdogo wa mtu aliyeko chuoni, au inaachwa kwa fundi atoe spea. Ndani yake imo diski, na juu ya diski hiyo watu wanaambiana mambo mengi yasiyo kweli. Baadhi yanakupotezea pesa tu. Mengine yanazitoa siri zako nje.

"Kompyuta imekufa, na picha zimekwenda nayo."

Mara nyingi kilichokufa ni madabodi, sehemu ya kuchajia au kioo, na diski haikuguswa. Diski za SATA, zilizoingia sokoni mwaka 2003, zina plagi ya aina moja, iwe ni ya laptopu ya inchi 2.5 au ya kompyuta ya mezani ya inchi 3.5. Kinachotofautiana ni umeme. Ya laptopu inatosheka na volti 5 za USB, kwa hiyo kasha dogo la plastiki linaigeuza kuwa diski ya nje. Ya mezani inataka na volti 12, hivyo adapta yake lazima ije na chaja ya ukutani. Watu hununua adapta isiyo na chaja, wakaona diski haizunguki, wakaitupa nzima. Chagua kasha la USB 3. Kwa USB 2, kunakili terabaiti 1 kunaweza kula saa saba na zaidi.

Kuna laptopu nyembamba, zikiwemo MacBook za miaka ya karibuni, ambazo hifadhi yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye madabodi. Hizo nakili mafaili kabla hazijazima kabisa.

Ukishachomeka, Windows ikikuambia diski inahitaji kufomatiwa kwanza, usikubali. Huenda ilitoka kwenye Mac au Linux na Windows haiwezi kuisoma, au mpangilio wake umeharibika ilhali mafaili bado yamo. Ikikudai ufunguo wa BitLocker, yaani kufuli la siri la Windows, inataka namba ya tarakimu 48. Baadhi ya laptopu hujifunga hivyo zenyewe mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Utafute wakati kompyuta ya zamani bado inawaka.

"Hamishia diski ile ile kwenye mashine mpya, Windows itaendelea ilipoishia."

Pengine itawaka, pengine haitawaka. Na hata ikiwaka, leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani imefungwa kwenye mashine ile ile. Sakinisha Windows upya kwenye SSD (diski isiyo na kinachozunguka) ya mashine mpya, ya zamani ibaki ghala la mafaili.

"Nimeshafomati, hakuna kitu humo."

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Ile fomati ya haraka inafanana na kuchana ukurasa wa yaliyomo na kuacha kitabu kizima: mafaili yanabaki mahali pake, na programu za bure za kurejesha mafaili huyatoa. Wanafunzi wawili wa chuo cha MIT nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizotumika na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Diski 129 zilikuwa zinafanya kazi. 12 tu ndizo zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Walikuta humo zaidi ya namba 5,000 za kadi za benki.

Sasa fikiria duka la steshenari linaloskani vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya watu kutwa nzima. Kompyuta yake ikiuzwa na diski yake, zinauzwa nyaraka za mtaa mzima, za watu ambao hawakuulizwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata zisingekuwepo, nyaraka hizo ni amana.

Kwa diski inayozunguka, unapofomati kwenye Windows, ondoa alama ya fomati ya haraka ili ifanyike fomati kamili. Tangu Windows Vista, hiyo huandika sifuri diski nzima. Itachukua saa kadhaa, iache imalize. Wapo watakaokuambia lazima ufute mara 7 au 35. Ile 35 ilitokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, kuhusu teknolojia za diski za wakati huo. Kwa diski za leo, mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2014 ulisema kuandika juu ya diski nzima mara moja kunatosha. SSD ina utaratibu mwingine, kwa kuwa yenyewe huhamishahamisha data ndani kwa ndani: tumia amri ya kufuta inayotolewa na programu ya mtengenezaji.

"Inafanya kazi vizuri, naiamini."

Pima kwanza. Programu ya CrystalDiskInfo, inayoonyesha afya ya diski, ni ya bure. Tazama mistari ya 05 na C5, yaani sekta zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Zikizidi sifuri na kuendelea kupanda, toa vyako mapema. Lakini sifuri nazo si dhamana. Google walifuatilia diski zao zaidi ya laki moja, na mwaka 2007 wakaeleza kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili kuu nne. Kwa hiyo diski kuukuu ni nakala ya pili nzuri sana. Isiwe nakala pekee ya picha za harusi ya wazazi wako.

"SSD haina kinachozunguka, basi hiyo ndiyo ya kuweka kabatini."

SSD hutunza data kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja polepole ikikaa bila umeme, haraka zaidi kwenye joto. Iliyochakaa kwa matumizi ndiyo hupoteza mapema. Ya kabatini iwe ile inayozunguka. SSD ya zamani itie kwenye laptopu ya mdogo wako ambayo bado inatumia diski ya kuzunguka, na itawaka haraka kuliko alivyozoea.