Kombe na sifongo hawashibi uchafu wa tangi

Wafugaji wengi wa matumbawe katika matangi ya maji ya chumvi Nairobi huamini kwamba kombe na sifongo (mnyama wa baharini mwenye vitundu) hujilisha kwa kinyesi cha samaki, basi hawahitaji kulishwa. Si kweli. Chakula chao hasa ni planktoni, yaani viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, na bakteria wanaoelea. Maji yetu hapa tunayachanganya wenyewe kwa chumvi ya dukani; hayaji na planktoni kama ya bahari ya Mombasa, na kidogo kinachozuka huondolewa na chujio. Mnyama hufa njaa polepole, kwa miezi, huku mwenye tangi akidhani ni mzima. Inaniuma sana.

Wape mwani hai mdogo sana, wa kuonekana kwa hadubini tu, kidogo kidogo, mara kwa mara, na uzime mashine ya povu, ile inayoondoa uchafu majini, kwa muda. Kombe wa Tridacna, yaani kombe jitu, ni tofauti: hulishwa zaidi na mwani unaoishi mwilini mwake, mradi apate mwanga mkali. Sifongo naye usimtoe majini, maana hewa ikinasa ndani huweza kumuua.