Shahada ya Takwimu: Anachokwenda Kusoma Mwanao

Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, wazazi wa hapa Bagamoyo hutuuliza swali lile lile: mtoto akisoma takwimu miaka yote mitatu, mwishowe si atakuwa karani wa sensa tu? Hapana. Makarani walioingia majumbani mwetu Agosti 2022, tukapatikana watu 61,741,120 nchini, walipewa mafunzo ya muda mfupi. Kazi ya mtakwimu ni kupanga maswali, kisha kukagua majibu kabla hayajaaminiwa. Kwa mfano, watu wazima wengi wasioijua tarehe yao ya kuzaliwa hutaja umri unaoishia na sifuri au tano. Ipo hesabu maalumu ya kuligundua hilo, na hufundishwa kwenye somo la demografia, yaani elimu ya idadi ya watu.

Mfano mwingine tunao hapa hapa nyumbani. Kati ya 2009 na 2014 chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, kwa watoto 15,459. Vituo viwili vilikuwa vya Tanzania: Bagamoyo, na Korogwe mkoani Tanga. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata chanjo hiyo, wengine chanjo ya ugonjwa mwingine, na wazazi hawakuambiwa nani kapata ipi.

Kwa nini bahati nasibu? Tuseme wazazi wangeachiwa wachague. Wenye kukaa karibu na zahanati, wenye vyandarua na nauli, ndio wangekimbilia chanjo. Malaria ingepungua kwa watoto wao, na hakuna ambaye angejua kama ni chanjo au ni chandarua. Somo la muundo wa majaribio, ambalo vyuo vingi hulifundisha mwaka wa pili au wa tatu, linahusu jambo hilo karibu lote.

Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kumaliza dozi nne, nguvu ya chanjo dhidi ya malaria ilikuwa takriban asilimia 36. Hapo ndipo watu hupotea. Wengi husema, "Kumbe watoto 36 katika mia ndio wanaokingwa, 64 hawapati kitu." Sivyo. Maana yake ni kwamba katika miaka ile ya ufuatiliaji, pale ambapo watoto wasiopata chanjo waliugua malaria mara 100, idadi ile ile ya waliochanjwa waliugua kama mara 64. Kinachohesabiwa ni mara za kuugua, na mtoto mmoja anaweza kuugua zaidi ya mara moja. Kwenye vijiji vyenye malaria nyingi, punguzo hilo ni homa nyingi mno zilizoepukwa. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike.

Mwaka wa kwanza ni mgumu, tusifichane. Ni kalkulasi, matriki na nadharia ya uwezekano, na wengi hulalamika kwamba hawaoni takwimu yenyewe iko wapi. Baadaye huja makadirio, upimaji wa dhana, regresheni na uchukuaji wa sampuli. Hilo la mwisho mimi ningelifundishia ufukweni. Mwanafunzi anatumwa sokoni kukadiria dagaa wanaoshushwa kwa mwezi. Akienda siku za giza tu, yaani zisizo na mbalamwezi, atakuta madau yamejaa na wanunuzi wanagombania ndoo. Lakini wavuvi wa taa, wanaowavuta dagaa kwa mwanga, hupumzika mbalamwezi ikikolea, na siku hizo yeye hakuwepo. Wastani wake utakuwa mkubwa kupita kiasi, na hata akienda siku 50 za giza badala ya 5, kosa litabaki pale pale. Sampuli kubwa haiponyi sampuli iliyochaguliwa vibaya.

Kompyuta ni lazima. Excel ni mwanzo tu; programu ya R, ya kuchambulia takwimu, ni ya bure, na mwanafunzi anaweza kuianza hata kabla ya kufungua chuo.

Kozi hii inatolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma, na Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilichopo Changanyikeni, kilichoanzishwa 1965. Waliosoma EGM (uchumi, jiografia, hisabati), PCM (fizikia, kemia, hisabati) au PGM (fizikia, jiografia, hisabati) ndio wanaoingia kwa urahisi. Aliyefaulu hisabati kwa kukariri mitihani ya nyuma atateseka, na ni heri aambiwe sasa kuliko baada ya kuchukua mkopo.

Kabla ya kujaza maombi, someni mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu huu, maana vigezo hubadilika. Halafu tazameni jina la shahada kwa makini: takwimu rasmi, takwimu za biashara na sayansi ya bima hufanana mwaka wa kwanza, kisha kila moja hushika njia yake. Ombeni orodha ya masomo ya mwaka wa tatu, na mwanao aisome mwenyewe.