Hewa ukaa ikishazikwa, nani anabaki kuichunga?

Watu wa Goma wana neno lao, mazuku: hewa ukaa inayofuka kutoka ardhini na kutuama mabondeni. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, hainuki. Mbuzi akishuka pale kutafuta majani, hapandi tena. Anayeijua mazuku hashangai kuona sheria ikimbana mtu anayetaka kuzika hewa hiyohiyo ardhini kwa makusudi, ili isipande angani na kuzidisha joto la dunia.

Kuzika kwenyewe si kugeni. Norway walianza mwaka 1996 huko Sleipner, Bahari ya Kaskazini, na kwa miaka mingi walisukuma chini karibu tani milioni moja kila mwaka. Hewa hiyo hukaa ndani ya jiwe la mchanga lenye vitundu, mita 800 na zaidi chini ya sakafu ya bahari, na juu yake limelala tabaka lisilopitisha kitu, mithili ya mfuniko wa chungu.

Kazi ni muda. Hewa inatakiwa itulie huko maelfu ya miaka, na kampuni ngapi zinafikisha hata mia?

Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 inataka kibali, kisha dhamana ya fedha kabla ya tani ya kwanza kushuka. Kisima cha kushushia hewa kikifungwa, kampuni haiondoki. Kwa kawaida hubaki na dhima kwa miaka isiyopungua 20, mpaka ithibitishe kuwa hewa imetulia. Hapo tu ndipo serikali hupokea mzigo, na kampuni huacha fedha za kutosha ufuatiliaji wa angalau miaka 30. Kwangu mimi kiasi hicho ni kidogo. Miaka inayobaki atailipia mlipakodi.

Marekani wamepitia mlango wa maji ya kunywa: visima vya kuzikia hewa vinasimamiwa kwa sheria ya kulinda maji hayo. Tangu 2010 visima hivi vina daraja lao, la sita, na ufuatiliaji baada ya kufunga ni miaka 50, isipokuwa mwombaji athibitishe kuwa muda mfupi zaidi unatosha.

Hata hivyo, mwaka 2024 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, EPA, ilieleza kuwa kibali cha mradi wa kuzika hewa ukaa kimekiukwa huko Decatur, Illinois: hewa ilikuwa imepenya hadi tabaka lisiloruhusiwa. Ilipita kwenye chuma kilicholiwa na kutu, ndani ya kisima kilichochimbwa mahususi kwa ajili ya kuichunga.