Elimu kwa umma: Modeli ya jengo si picha ya rangi

Hela za minada ya korosho zikishaingia, mashine za zege hazilali hapa Mtwara, kuanzia Shangani hadi Naliendele. Baada ya miezi michache hufuata malalamiko: fundi bomba anamlaumu fundi zege, fundi umeme anawalaumu wote wawili, na mwenye jengo anatulaumu sisi wa halmashauri tuliompa kibali.

Ndiyo maana tunawashauri wanaojenga ghorofa wadai modeli ya kidijitali, yaani jengo zima lililojengwa kwanza ndani ya kompyuta pamoja na vipimo vyake, kwa wataalamu wao. Tatizo, nikisema modeli, mtu ananiwekea simu mezani: "Mhandisi, hii hapa." Natazama, naona paa la bluu, gari jeupe na mnazi. Hiyo ni picha, jamani. Kwenye modeli ukibofya nguzo inakueleza unene wake, inaanzia usawa gani na imebeba bimu ipi.

Chukueni mfano wa jengo moja la wageni nililolikagua. Bomba la maji taka la inchi 4 lilitoka chooni ghorofa ya kwanza kwenda mita 6 hadi kwenye dakti, yaani uwazi wa wima wa kupitishia mabomba. Bomba hilo sharti literemke, tuseme sentimita 2.5 kwa kila mita, kwa hiyo likifika mwisho limeshuka sentimita 15. Lilianzia sentimita 3 chini ya slabu (zege la sakafu ya ghorofa), na lenyewe lina kipenyo cha sentimita 11, basi tumbo lake lilikuwa sentimita 29 chini ya slabu. Bimu iliyokuwa njiani ilining'inia sentimita 30, kwa hiyo bomba lisingepita chini yake. Fundi akachukua nyundo na patasi akatoboa, na nondo mbili za chini akazikata. Hizo za chini, katikati ya nguzo na nguzo, ndizo zinazoshikilia bimu isipasuke. Michoro ya msanifu ilikuwa sahihi, ya mhandisi wa miundo sahihi, ya mabomba sahihi. Hakuna aliyeilaza mmoja juu ya mwingine aone inapogongana.

Kazi ya modeli ni hiyo. Kila mtaalamu anatengeneza yake, mratibu anaziunganisha kwa faili za IFC, aina ya faili za modeli za majengo ambayo programu tofauti zinaweza kuisoma na ina kiwango cha kimataifa, ISO 16739, hivyo si lazima wote watumie programu moja. Wakubaliane mapema nukta moja ya kuanzia, usawa wa sakafu na kipimo. Mmoja akichora kwa mita na mwingine kwa milimita, jengo la mita 20 linajitokeza na milimita 20, saizi ya kokoto. Programu itaorodhesha migongano mamia, yaani mahali vitu viwili vinapogombea nafasi moja. Mingi ni upuuzi, kama bomba la waya lililokusudiwa kupita ndani ya zege. Lazima akae mtu aichambue.

Nyumba ya chini ya vyumba vitatu haihitaji haya, msije mkauziwa.

Modeli haichukui nafasi ya kibali. Kibali hutolewa kwa michoro iliyosainiwa na kugongwa mhuri. Mgongano ukionekana na bimu ikalazimika kubadilishwa, mchoro unarudi kwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Anaurekebisha, anaandika herufi ya marekebisho na tarehe, anasaini, anagonga mhuri. Unauleta kwetu na barua inayotaja namba ya kibali cha awali. Unasubiri majibu ya maandishi. Kuambiwa "endelea tu" kwa simu si majibu, hata aliyekuambia akiwa mimi.

Ukiendelea bila hayo, unaweza kupewa amri ya kusimamisha ujenzi, kupigiwa X nyekundu, kufikishwa mahakamani, na ikibidi kubomolewa kwa gharama zako. Faini haihalalishi jengo. Hili nimelisema hadi koo limekauka.

Mchoro uliorekebishwa ukae saiti, usibaki kwenye buti la gari la mkandarasi. Mkaguzi akifika anaanza kuulizia huo.