Kwa nini picha za Flanders za miaka 600 iliyopita bado zinang'aa?

Katika jumba la National Gallery, London, kuna picha ndogo ya sentimita 82 kwa 60 hivi, iliyochorwa na Jan van Eyck mwaka 1434. Mfanyabiashara Mwitalia wa ukoo wa Arnolfini, aliyeishi Bruges, mji wa Flanders, amesimama chumbani pamoja na mwanamke aliyevaa gauni la kijani. Juu yao kinaning'inia kinara cha shaba ya njano, mshumaa mmoja ukiwaka ingawa ni mchana. Ukikitazama kinara hicho utadhani mchoraji amebandika dhahabu. Hakubandika hata chembe. Ni rangi tupu: njano, hudhurungi, na vidoa vyeupe pale nuru ya dirishani inapoipiga shaba.

Kabla ya hapo, mchoraji aliyetaka mng'ao alibandika dhahabu halisi, iliyofuliwa hadi ikawa nyembamba kuliko karatasi. Van Eyck na wenzake wa Flanders, eneo ambalo leo kwa sehemu kubwa liko Ubelgiji, waliupata mng'ao huo kwenye mafuta.

Wachoraji wengi wa Ulaya walikuwa wakikoroga unga wa rangi kwa kiini cha yai. Rangi hiyo hukauka upesi mno. Mchoraji hapati nafasi ya kuyeyusha kivuli kiingie kwenye mwanga, kwa hiyo hupiga vistari vidogo vidogo, kimoja kando ya kingine, na kazi ikikauka haina mng'ao mwingi. Mafuta ya mbegu za kitani yana tabia nyingine kabisa, na kitani kilikuwa tele Flanders kwa sababu ndicho kilichofumwa vitambaa. Aliyewahi kupaka nyumba anaijua tofauti hii: rangi ya maji unairudia siku hiyohiyo, ya mafuta inakusubirisha. Maji huondoka yakaenda zake hewani. Mafuta ya kitani hayaendi popote. Hunyonya oksijeni kutoka hewani, na polepole hugeuka kuwa utando mgumu unaopitisha nuru.

Hapo ndipo penye siri. Mbao zao zilikuwa za mwaloni, nyingi zikiletwa kutoka misitu ya Baltiki, na kwanza zilipakwa chaki iliyochanganywa na gundi ya ngozi za wanyama, kisha zikasuguliwa mpaka zikawa nyeupe na laini. Juu ya weupe huo rangi ilipakwa tabaka jembamba juu ya jingine. Nuru ya chumba hupenya tabaka hizo, hufika kwenye weupe wa chini, kisha hurudi machoni pako ikiwa imebeba rangi zote ilizopitia. Ndiyo maana lile gauni la kijani huonekana kama linawaka kwa ndani. Kijani chenyewe kilitokana na shaba nyekundu iliyoliwa na siki! Buluu bora ilisagwa kutoka jiwe la lapisi lazuli, lililochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan. Wazungu waliiita kwa jina lenye maana ya "ng'ambo ya bahari".

Mwitalia Giorgio Vasari aliandika mwaka 1550 kwamba van Eyck ndiye aliyevumbua rangi ya mafuta. Si kweli. Mtawa Theophilus alikwisha kuieleza katika karne ya 12, na katika mapango ya Bamiyan, Afghanistan, kuna michoro ya kale zaidi iliyotumia mafuta. Kwangu mimi sifa ya van Eyck ni kubwa kuliko uvumbuzi: alichukua kitu ambacho wengine walikuwa nacho mkononi, akakitazama kwa subira mpaka akajua nuru inavyotembea ndani yake. Kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha Arnolfini kuna kioo cha mviringo, na ndani yake unauona mgongo wa mume, dirisha, na watu wawili wakiingia mlangoni. Kioo kizima kingeenea kwenye kiganja chako.

Kazi yake kubwa zaidi iko Ghent, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Bavo: picha ya altareni ya Mwanakondoo wa Mungu, iliyoanzwa na kaka yake Hubert, aliyefariki 1426, na kukamilishwa na Jan mwaka 1432. Mafundi walipoanza kuikarabati mwaka 2012, waligundua kwamba katika karne ya 16 watu wengine walikuwa wamepaka rangi yao juu ya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Waliiondoa kwa visu vidogo vya upasuaji, wakitazama kwa hadubini. Chini yake rangi ya awali ilikuwa salama kwa sehemu kubwa. Uso wa Mwanakondoo, uliokuwa umefunikwa kwa karne kadhaa, ulijitokeza tena, macho yake yakimtazama moja kwa moja anayesimama mbele yake.