Usingizi wa mbegu: baridi ihifadhiyo na baridi iamshayo

Mbegu za mmea wa dawa zikikaa kitaluni wiki tatu bila kuchomoza, wengi huzimwaga wakiamini zimekufa. Huenda zimelala tu. Usingizi wa mbegu ni hali ya mbegu iliyo hai kukataa kuota hata ikipewa maji, hewa na joto la kutosha. Kwa hiyo mbegu kavu iliyomo ndani ya pakiti si lazima iwe imelala; pengine inangoja maji tu.

Mahindi na maharage yana usingizi mdogo kwa sababu wakulima wamekuwa wakichagua mbegu zinazoota upesi kwa maelfu ya miaka. Mimea mingi ya dawa haijapitia mchujo huo. Bado ina tabia ya porini: mbegu za mmea mmoja huota kwa mafungu, hizi sasa, zile msimu ujao, ili ukame mmoja usimalize kizazi chote. Kwa mmea ni akiba, ila kwa mwenye kitalu ni kero.

Hapo ndipo halijoto inapoingia, na ndipo watu wanapochanganya mambo. Mtu huambiwa kwamba mbegu za ekinasia, ua la dawa la Amerika Kaskazini, zinahitaji baridi, naye anaiweka pakiti ilivyo kwenye friji kwa miezi miwili. Akizipanda, bado zinagoma. Baridi kavu huhifadhi. Baridi yenye unyevu ndiyo huamsha. Mbegu inapaswa kwanza kunywa maji, kisha ikae wiki kadhaa ndani ya mchanga mbichi kwenye nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Humo ndimo homoni inayozuia uotaji hupungua na ile inayouchochea hupata nguvu, kana kwamba kipupwe kimepita. Ginseng, mmea wa dawa unaotumika mzizi wake, ni mkaidi zaidi: tunda likiiva, kiinitete (mche mdogo uliomo ndani ya mbegu) huwa bado kichanga, hivyo mbegu hutaka kipindi cha joto ili kikue, ndipo ije baridi. Miezi 18 au zaidi hupita kabla ya kuota.

Si kila usingizi hutibiwa kwa baridi. Mbegu nyingi za jamii ya sena, mmea wa dawa ya kulainisha choo, zina ganda lisilopitisha maji. Hizo hukwaruzwa kwa msasa au kumwagiwa maji ya moto. Nyingine hutaka mwanga, kwa hiyo ukizifukia umejikosesha mwenyewe.

Ghala nalo hufanya kazi mbili zinazopingana. Kuna mbegu zinazopoteza usingizi zikikaa kavu kwa miezi michache, ndiyo maana za msimu uliopita huweza kuota vizuri kuliko zilizovunwa jana. Lakini siku hizohizo uhai wake unapungua, na kinachouharakisha ni joto na unyevu. Kanuni ya Harrington, mtaalamu wa mbegu, ambayo ni ya kukadiria tu, husema kila unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1, au joto la ghala likishuka kwa nyuzi 5, muda wa kuishi kwa mbegu huongezeka mara mbili. Benki za mbegu hufuata mantiki hiyo: hukausha taratibu mahali penye ubaridi, hufunga pasipopita hewa, kisha hugandisha kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri.

Kanuni hiyo haizifai mbegu zote. Mbegu za mwarobaini hupoteza uwezo wa kuota ndani ya wiki au miezi michache zikiachwa kwenye joto la kawaida, na iko miti ambayo mbegu zake hufa zikikaushwa sana. Hizo hupandwa mbichi.

Kabla ya kumwaga zilizogoma, pasua chache kwa wembe. Kiini kilichooza au kusinyaa kimekwisha. Kikiwa cheupe na kigumu, bado kuna matumaini, ingawa macho hudanganya. Maabara huloweka mbegu zilizopasuliwa katika tetrazoliamu, kemikali isiyo na rangi: sehemu iliyo hai hugeuka nyekundu, iliyokufa hubaki nyeupe.