Maana ya neno "catch", kuanzia mwaloni hadi mahakamani

Mvuvi wa Kirumba, mwalo wa Mwanza ambako mitumbwi ya Ziwa Victoria hushusha samaki, akirudi alfajiri na mtumbwi mtupu husema, "Nimevua usiku kucha, sikupata kitu," na hakuna anayemshangaa. Kuvua ni kazi, kupata ni majaliwa. Kiingereza kina kitenzi chake kwa kila upande: "fish" ni kutega nyavu au ndoano, "catch" ni pale samaki anapokuwa wako. Ndiyo maana "I fished all night and caught nothing" ni sentensi safi, lakini "I caught all night" inaning'inia hewani. "Catch" ya namna hii hudai jibu: umepata nini?

Kiini cha neno ni hiki: kitu kilikuwa kinakwenda, kikazuiwa, kikaishia kwako. Lilitoka katika Kilatini, "captare", likapita Kifaransa cha kaskazini na kuingia Kiingereza. Kifaransa cha sehemu nyingine kikalitoa shina hilohilo kwa sura ya "chase", yaani kukimbiza. Ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja amebaki mbioni, mwingine amefika.

Kiswahili hakiridhiki na "kilizuiwa" tu. Kinataka kujua kilikuwa kinakwendaje na kimeshikwa na nini. Mpira ulio hewani unadakwa. Samaki anavuliwa. Panya ananaswa na mtego. Mwizi anakamatwa. Meli inawahiwa. Atakayebeba "kamata" peke yake na kuipachika kila mahali atapata Kiswahili kinachoeleweka kwa shida na kisichosemwa na mtu.

Mwaloni ndiko neno hili linakotesa zaidi, hasa likiwa nomino. "Catch" ni samaki wote waliopatikana kwa safari moja, siku moja au mwaka mzima, wakihesabiwa kama kitu kimoja. Mtumbwi ukirudi na sangara 40, hiyo ni "a good catch", wala si "forty catches". Jirani yake ni "haul", kile kinachopanda kwa mvuto mmoja wa wavu. Wavuvi wa dagaa wakivuta mara nne chini ya taa usiku mmoja, wana "hauls" nne na "catch" moja.

Jirani wa pili, "landings", ndiye anayeharibu hesabu. Ni uzito wa samaki waliofikishwa nchi kavu. "Catch" inaweza kuuzidi, kwa sababu samaki waliorudishwa majini au walioliwa kambini hawafiki kwenye mizani. Isitoshe, sangara aliyetolewa matumbo kabla ya kupimwa ana kilo pungufu kuliko alizotoka nazo ziwani. Kwa hiyo takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, huugeuza kwanza uzito wa nchi kavu kuwa uzito wa samaki mzima, ndipo huuita "nominal catch". Ukiandika "samaki waliovuliwa" kwa maneno yote mawili, msomaji ataona namba mbili zinazopingana na kudhani karani amekosea. Afadhali "landings" iwe "samaki waliopokelewa mwaloni".

Kuna pia "catch per unit effort", kiasi kinachopatikana kwa kila kipimo cha nguvu iliyotumika, kwa mfano kilo kwa mtumbwi kwa siku. Hiki kisichanganywe na jumla. Jumla ya ziwa inaweza kupanda huku kila mtumbwi ukipata kidogo kuliko zamani, kwa kuwa tu mitumbwi imeongezeka. Anayesoma jumla peke yake atasema samaki wamezidi. Mwenye mtumbwi atamkatalia, na mwenye mtumbwi anaweza kuwa sahihi.

"Bycatch" ni samaki wasiokusudiwa: furu ndani ya wavu wa dagaa, au sangara wachanga wasiofika sentimita 50. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na methali hiyo inaieleza "bycatch" vizuri kuliko fasiri nyingi. Na ukikuta "capture fisheries" katika ripoti, usiandike "uvuvi wa kukamata". Ni uvuvi wa samaki wanaojizalia wenyewe ziwani, ukitofautishwa na ufugaji wa kwenye vizimba na mabwawa. "Uvuvi wa asili" unatosha.

Nyavu zenyewe, kama zile haramu za timba au kokoro, haziwi "caught" zikichukuliwa na maofisa. Hapo ni "seized", maana mwenye mamlaka ametwaa mali. Kiswahili husema zimekamatwa vilevile, na mtego umo humohumo. "Grab" ni kunyakua kwa haraka, "snatch" ni kupokonya, na "trap" ni kutega mpaka kitu kikanaswa. Mtu naye huwa "captured" akitekwa vitani au akitiwa mbaroni baada ya kusakwa. Akiwa "arrested", sheria imemshika rasmi. Akiwa "caught", huenda amefumwa tu na jirani, hakuna polisi aliyeitwa. Muundo wake ni "caught him stealing". "Caught him to steal" si Kiingereza. Kwa Kiswahili sema alimkuta, alimfuma au, kwa lugha ya mtaani, alimbamba. "Kumfumania" kuache kwa mambo ya ndoa.

Kwenye safari, "catch" ni kuwahi. "We caught the Nansio boat" ni tuliiwahi meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, au kwa kawaida tu, tulipanda. Kinyume chake ni "miss". Kiswahili hapa hugeuza mtendaji: sisi tumeachwa na meli, kama vile meli ndiyo yenye hiari.

Mgeuko huohuo umo katika ugonjwa. Mwingereza ndiye anayeyashika mafua, "I caught a cold". Kwetu mafua ndiyo yanayomshika mtu. Neno hili hutumika kwa maradhi ya kuambukiza tu. Mtu hawezi "catch" kisukari wala saratani. Kwenye maandishi ya kitabibu utaona "contract", kwa mfano mtu aliyepata kichocho kwa kukanyaga maji ya ziwa, na hapo hakuna mkataba wowote.

"I didn't catch your name" ni sikulisikia jina lako vizuri. "Sijakupata" ya mtaani iko karibu mno nayo. Shati likinaswa na msumari wa mtumbwi, "my shirt caught on a nail", na nyumba ikishika moto ni "caught fire", bila "a".

Halafu ipo maana inayopaswa kumzindua mnunuzi. Injini ya mtumbwi inatangazwa kwa nusu ya bei, mtu anauliza, "What's the catch?" Anauliza kasoro iliyofichwa ni ipi: haina karatasi? Imewahi kuzama? Kwa Kiswahili, "hapa kuna kitu" au "ndoano iko wapi?" Usiifasiri kama "faida", kosa linalogeuza onyo kuwa sifa. Lakini "he's a good catch" ni sifa kweli: mchumba wa kutamaniwa.

Wakati uliopita ni "caught", na "catched" haipo. Herufi "gh" hazitamkwi. "Au" hutamkwa kama "o" inayovutwa katika "koo", kisha ulimi unafunga kwa "t". Kwa matamshi sanifu ya Uingereza, sauti hiyo haitofautiani hata kidogo na ya "court", mahakama. Mwandishi wa habari anayesikiliza rekodi ya kesi ya uvuvi haramu hawezi kulitegemea sikio. Aangalie kilichotangulia: "the court" yenye "the" ni mahakama, "was caught" yenye "was" ni mtu aliyekamatwa.